Rivyu ya EHCP ya England, mpango wa msaada wa mtoto mwenye mahitaji maalumu: karatasi ya maana sana, ila ukizubaa wanaichakachua

Naanza na maksi ili asiye na muda achukue chake aende. Sheria yenyewe nyota tano. Shule yetu nyota nne. Ofisi ya kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, inayosimamia huduma nyota moja na nusu, na hiyo nusu ni ya dada mmoja wa simu ambaye alikuwa anajibu kistaarabu hata kama jibu lenyewe halina kitu ndani. Wazazi wa mtaa wetu waliokomaa huduma isikatwe hao siwawekei nyota, ntawaeleza huko mbele.

Kwa asiyejua, EHCP ni mpango anaoandikiwa mtoto ambaye msaada wa kawaida wa shule haumtoshi, unaunganisha elimu, afya na huduma za jamii. Usonji, kutosikia, kuchelewa kuongea, kifafa, mtoto asiyetulia darasani, chochote kile, hawaangalii jina la hali aliyonayo wanaangalia anahitaji nini ili asome. Ulikuja na sheria inaitwa Children and Families Act ya mwaka 2014, na ukishaandikwa unaweza kwenda na mtoto mpaka afike miaka 25 kama bado yuko kwenye masomo au mafunzo. Ni England tu hii, mlioko Scotland na Wales mna mfumo wenu na sheria zenu msije mkanitukana. Hadi Januari 2025 watoto na vijana zaidi ya 638,000 walikuwa nao, kwahiyo msiogope kwamba mtaonekana wa ajabu, darasa lolote hapa ukiingia utamkuta mmoja au wawili.

Bei: bure. Narudia kwa herufi kubwa BURE, maana kuna wenzetu wanaozunguka huku mitaani wanawachaji wazazi hela kujaza fomu ambayo haina hata ada. Na lingine linalowatisha watu wetu ni ule mstari kwenye viza unaosema usiguse pesa za umma. Jamani msaada wa mtoto shuleni haumo kwenye hizo pesa. Ile DLA, posho ya mtoto mwenye ulemavu, ndiyo imo, hiyo usiiguse kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji, lakini EHCP ni elimu na elimu ya mtoto haiulizi viza yako ya aina gani. Nimekutana na baba mmoja wa kwetu amekaa na mtoto asiyeongea mpaka kafika darasa la tatu hajaomba chochote, anaogopa Home Office, ile wizara ya mambo ya uhamiaji. Roho iliniuma.

Jinsi ya kuomba. Mzazi unaomba mwenyewe, unaandika barua au imeili kwa kaunsili kwamba unaomba mtoto afanyiwe tathmini. Basi. Utaambiwa sharti shule ndiyo iombe, utaambiwa kwanza mpate karatasi ya daktari, utaambiwa kwanza ipite mihula miwili tuone, yote hayo siyo sheria ni danadana. Shule kukusaidia ni vizuri na sisi yule SENCO wetu, yaani mwalimu anayeshughulikia watoto wenye mahitaji maalumu, alitupa ripoti zote bila kinyongo, lakini haki ya kuomba ni yako wewe. Ukishaomba wana wiki 6 kukujibu kama watampima au la, na mchakato mzima mpaka karatasi ya mwisho unatakiwa uishe ndani ya wiki 20. Unatakiwa. Mwaka 2024 chini ya nusu ya mipango mipya ndiyo ilitoka ndani ya muda huo, nchi nzima, na sababu kubwa wanayotoa ni wanasaikolojia wa elimu hawatoshi. Kwetu sisi walichelewa vizuri tu, na kila nikipiga simu naambiwa imeshafika mezani. Meza gani hiyo hawasemi.

Sasa niwaeleze kitu kimoja cha hela maana bila kukijua hamtaelewa kwa nini kila mtu anakukwepa. Shule ikisema mtoto ana mahitaji maalumu inatakiwa itumie kwanza hela yake yenyewe, mpaka kama pauni 6,000 kwa mwaka kwa mtoto mmoja, ndipo kaunsili iongezee juu kutoka kwenye fungu la wenye mahitaji makubwa. Kwenye karatasi hiyo 6,000 ipo kwenye bajeti ya shule, kwenye uhalisia haijatengwa, imechanganyika na hela ya umeme na mishahara na paa linalovuja. Kwahiyo shule inasukumia kaunsili, kaunsili inarudisha kwa shule, mtoto yuko katikati anakaa chini ya meza na mikono masikioni. Ukilijua hilo unapunguza hasira kwa mwalimu maana kwa kweli kosa siyo lake.

Haya tuje kwenye karatasi yenyewe, hapa ndipo nataka mnisikilize. Ina vipengele vimepewa herufi, A mpaka K, na watu wengi wakiipokea wanasoma A ile yenye maneno yao wenyewe kuhusu mtoto wanalia kidogo wanaweka kwenye droo. Usifanye hivyo. B ni mahitaji ya mtoto, F ni msaada atakaopewa, I ni shule atakayosoma. Moyo wa hii bidhaa ni F. Kilichoandikwa F, kaunsili inalazimika kisheria kukitoa, kifungu cha 42 cha ile sheria ya 2014, haijalishi bajeti yao imekaaje, hakuna cha hela imeisha. Ndiyo maana kwenye F ndipo wanapoleta ujanja.

Rasimu ya kwanza waliyotuletea F ilisema mtoto "atanufaika na fursa za kusaidiwa na mtu mzima inapohitajika" na "atapata ushauri wa mtaalamu wa usemi mara kwa mara". Ukisoma haraka unaona mashallah. Soma tena. Inapohitajika ni lini? Nani anaamua? Mara kwa mara ni kila wiki au kila Krismasi? Ni sawa na kwenda kwa mangi na hela yako mkononi ukaomba sukari akakwambia utapewa ya kutosha. Mangi, pima kilo! Sheria inataka msaada utajwe waziwazi na kwa kipimo: nani anautoa, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, peke yake au kwenye kikundi cha watoto wangapi. Rasimu ikija una siku 15 za kujibu, kwahiyo usiifungue siku ya kumi na tatu. Sisi tulikaa nayo usiku kwa usiku na kalamu nyekundu, kila palipoandikwa inapohitajika tukarudisha swali, tukachomoa maneno kutoka kwenye ripoti ya mtaalamu wao wenyewe maana yeye aliandika dakika 30 kila wiki ana kwa ana, halafu sijui kwa muujiza gani zile dakika zilivyovuka kutoka kwenye ripoti kwenda kwenye mpango zikayeyuka. Zilirudi. Hawakubisha hata. Hapo ndipo nilipojua kwamba wanajaribu tu, asiyeuliza imekula kwake.

Na hilo la lugha nalo. Mtoto wetu anasikia Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni, alipokuwa haongei kila mtu alikuwa na jibu, ni lugha mbili hizo zinamchanganya, msubirini. Mwongozo wa serikali yenyewe wa mwaka 2015 unasema kutojua Kiingereza peke yake siyo mahitaji maalumu, sawa, lakini haohao wanasema wasitumie lugha kama kisingizio cha kutomwangalia mtoto. Mtoto mwenye shida ya usemi anakuwa nayo kwenye lugha zote mbili. Na wataalamu wa usemi hapa hawakwambii uache lugha ya nyumbani, wanakwambia endelea, kwahiyo wale mnaojikakamua kuongea kimombo kibovu na watoto wenu jikoni mkidhani mnawasaidia, pumzikeni. Omba mkalimani kwenye vikao kama unahitaji, usimtumie mtoto wako mkubwa akutafsirie habari za mdogo wake, hayo ni mambo mazito kwa mtoto.

Bidhaa ikifanya kazi inafanya kazi kweli, nisiwe mchoyo. Shule yetu ina kitengo kidogo, chumba kimoja kikubwa na kingine kidogo cha kutulia chenye taa hafifu, walimu wachache waliosomea, na watoto wanaingia na kutoka, saa nyingine wako hapo saa nyingine wako darasani na wenzao. Ratiba ya picha ukutani, hii ni kula hii ni kusoma hii ni nje. Alama za mikono kwa asiyeongea. Mtoto wangu alianza na kadi za picha, anakuletea ya maji maana yake ana kiu, badala ya kujirusha chini, halafu maneno yakaja nyuma ya kadi taratibu. Msaidizi wake wa darasani ni mama wa makamo ana subira ambayo mimi mzazi sina, na mshahara wake nikiufikiria naona aibu kwa niaba ya nchi. Nimesoma Dar na namkumbuka jirani yetu alivyokuwa anampeleka mwanae asiyeona shule ya Uhuru Mchanganyiko, anapanda daladala mbili na fimbo, na walimu wa pale walikuwa wanafanya maajabu na vifaa vya kuokoteza. Kwahiyo nikiona chumba kile najua thamani yake, siyo kitu cha kuchezea.

Na ndicho walichotaka kukichezea.

Haikuitwa kukata. Hakuna siku utasikia kaunsili inasema tunakata. Ilikuja barua imeandikwa mapitio ya huduma, mfumo endelevu, ujumuishi kwa wote, maneno matamu mpaka unataka kupiga makofi, ukifika ukurasa wa kati ndipo unakuta kitengo kinapendekezwa kufungwa na watoto "watasaidiwa ndani ya madarasa ya kawaida", na nyongeza ya hela kwa kila mtoto inateremshwa daraja. Waraka wote kurasa na kurasa kwa Kiingereza cha kiofisi, umetundikwa kwenye tovuti yao wiki moja kabla ya likizo ya kiangazi watu wakiwa wanafunga mabegi. Naomba mwenye akili aniambie hiyo ni bahati mbaya.

Sipingi ujumuishi, nauunga mkono. Lakini mtoto kukaa darasa moja na wenzake thelathini bila msaidizi, bila chumba cha kutulia na bila mtaalamu, huyo hajajumuishwa huyo ametelekezwa na kiti kapewa. Baba mmoja Mwingereza, dereva wa lori, alisimama kwenye kikao akawauliza kwa upole kabisa, huo ujumuishi mnaousema unagharimu shilingi ngapi kuliko kitengo, maana kama ni wa kweli ungetakiwa ugharimu zaidi. Wakaangaliana.

Kikao chenyewe kilijaa hadi wengine wamesimama koridoni. Wasomali walikuja na akina bibi, Wapolandi, Wapakistani, Waingereza wa pale mtaani ambao hata watoto wao wameshakua, walimu wa shule nyingine waliokuja kimyakimya wakakaa nyuma wasionekane. Kwetu Waswahili tulikuwa wachache na nawasema hadharani, tulikuwa wachache kwa sababu ya aibu. Msiba tunajaza ukumbi, harusi tunajaza ukumbi, kitchen party ndo usiseme, ila la mtoto mwenye mahitaji maalumu linafichwa, shangazi anakwambia atatoka tu hayo mambo hata baba yake alichelewa kuongea, mwingine anakunong'oneza kuna mkono wa mtu hapo, baba wa mtoto hataki kusaini fomu kwa sababu ukoo wao hauna vitu hivyo. Halafu huduma ikifungwa ndo tunapigiana simu. Mama mmoja Msomali alikuja na dada zake wote, kila mmoja akasoma aya moja ya barua yao kwa zamu, walipomaliza yule ofisa alikuwa amesahau slaidi yake ilikuwa inasema nini.

Kilichotusaidia siyo kelele peke yake. Kuna wazazi walikuwa wamefanya homuweki. Walikuja na kesi ya Bristol. Kwa ufupi, kaunsili ya Bristol ilipanga kupunguza karibu pauni milioni 5 kwenye fungu la watoto wenye mahitaji makubwa, wazazi wakachangishana mtandaoni wakaenda mahakama kuu, na Agosti 2018 jaji akatengua uamuzi ule, akasema ulikuwa kinyume cha sheria, moja ya sababu ni kwamba wazazi hawakushirikishwa kabla hela haijakatwa. Sheria ileile ya 2014, kifungu cha 27, inawataka kaunsili wauangalie msaada wanaoutoa na wawaulize watoto na wazazi wao kama unatosha. Na hapo hapo kuna sheria ya usawa ya 2010 inayowadai wafikirie kwanza uamuzi wao utawaumiza vipi wenye ulemavu, siyo wafikirie baadaye. Kwahiyo swali letu pale ukumbini lilikuwa moja tu likarudiwa na watu tofauti: mlimuuliza nani kabla ya kuandika huu waraka? Mzazi gani? Mtoto gani? Tuonyesheni kumbukumbu za kikao. Hazikuwepo.

Ila msidanganyike kwamba mahakama ni dawa ya kila kitu. Mwaka 2019 wazazi wa Surrey walishindwa, wa Hackney nao ambao kaunsili yao ilipunguza nyongeza kwa asilimia 5 wakashindwa. Wa Hackney hao nawaonea huruma sana maana asilimia 5 ukiisikia unasema kitu gani, kumbe ndiyo lile saa la mtaalamu la alhamisi. Mwaka huohuo mwezi wa tano wazazi waliandamana miji mingi kwa siku moja kuhusu hiki kitu, London wakapeleka maombi yao hadi Downing Street, ofisini kwa waziri mkuu. Na Septemba 2025 bunge lilijadili maombi yaliyosainiwa na watu zaidi ya laki moja, wanataka haki hii ya kisheria isiguswe kwenye mageuzi yanayozungumzwa. Watu wanahofia nini? Kwamba wataitoa hiyo F yenye nguvu ya sheria wabaki na ahadi za shule. Ukishaondoa sheria, kukata hakuhitaji tena hata waraka.

Nitende haki kwa upande wa pili. Kaunsili zina hali mbaya kweli, hilo siyo uongo wa kutungwa. Mkaguzi mkuu wa serikali alitoa ripoti Oktoba 2024, akasema hela ya watoto wenye mahitaji makubwa imepanda asilimia 58 ndani ya miaka kumi, hapo ni baada ya kutoa mfumuko wa bei, imefika pauni bilioni 10.7 kwa mwaka, na bado matokeo ya watoto hayajaboreka. Kaunsili nyingi zina madeni, madeni yenyewe yamewekwa pembeni ya vitabu kwa kibali maalumu ambacho kimesogezwa hadi Machi 2028, na nyingine zimesaini mikataba na serikali kuu kwamba tukulipieni deni nyie mbane matumizi. Kwahiyo yule ofisa aliyekaa mbele yetu naye kabanwa. Naelewa.

Lakini ripoti hiyohiyo inasema nafasi moja kwenye shule maalumu ya binafsi inagharimu kwa wastani kama pauni 61,500 kwa mwaka, ile ya serikali 23,900. Sasa ukifunga kitengo cha jirani kinachotembelewa kwa miguu, mtoto aliyeshindwa darasa la kawaida anaenda wapi? Ataondolewa shule, atakaa nyumbani na mama aache kazi, au mzazi ataenda kwenye rufaa atashinda atapelekwa shule ya binafsi maili ishirini kwa teksi ya kaunsili asubuhi na jioni. Yaani wanabana shilingi mia wanapoteza elfu kumi. Hili lilisemwa na bibi mmoja mstaafu aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu, alikuwa na kikokotoo mkononi, na nadhani yeye ndiye aliyewatisha kuliko sisi wote tuliokuwa tunapaza sauti.

Na rufaa nazo tuziseme. Kaunsili ikikataa kumpima mtoto, ikikataa kumpa mpango, au ukiona B, F au I ni mbovu, unakata rufaa kwenye baraza maalumu, hakuna ada, hulazimiki kuwa na wakili. Una miezi miwili tangu tarehe ya barua yao, na kabla ya hapo kwa mambo mengi lazima upate cheti cha usuluhishi, usishtuke, ni kupiga simu tu, hata kama hutaki kusuluhishwa wanakupa cheti unaendelea. Mwaka wa masomo 2023/24 kesi zilizofika mwisho zikaamuliwa, wazazi walishinda karibu 98 kati ya 100. Hebu fikiria timu inayofungwa mechi 98 halafu wiki ijayo inarudi uwanjani na wachezaji walewale. Maana wanajua wengi hawatakata rufaa, hilo tu, na kila asiyekata ni hela iliyobaki.

Huduma za pembeni nilizotumia. SENDIASS, kila kaunsili lazima iwe nayo, ni ushauri wa bure na wa siri, nyota nne, ningewapa tano ila ni wachache mno na simu zao zinaita. Hulka yao ni kutokuwa upande wowote, kwahiyo usitegemee wakugombee, watakueleza sheria na watakaa na wewe kikaoni. IPSEA, shirika la hisani, tovuti yao ina barua za mfano umeshaandikiwa unajaza jina tu, nyota tano, bila zile barua nisingefika popote. Yule "mshauri" wa mtaani anayechaji hela kwa barua hizohizo za bure, nyota sifuri na Mungu anamwona.

Kuhusu mapitio ya kila mwaka. Mpango ukishatoka lazima upitiwe angalau mara moja kila miezi 12, na watu wanaichukulia kama kikao cha chai na biskuti. Hapo ndipo wanapokata kimyakimya. Mtoto ameendelea vizuri, hongera mama, sasa tunaona hizi saa anaweza kuzipunguza. Ameendelea vizuri kwa SABABU ya hizo saa! Usikubali kwa mdomo, sema nataka kwa maandishi, wakitaka kubadilisha lazima wakuletee barua yenye mabadiliko yenyewe na ushahidi, na mabadiliko hayo nayo yanakatiwa rufaa. Nenda na mtu. Mume, dada, jirani, yeyote anayejua kuandika haraka, maana ukiwa peke yako na watu watano wenye laptopu unajikuta unasema asante asante kwa kitu ambacho umenyang'anywa.

Matokeo ya kitengo chetu: hakijafungwa. Wameandika kwamba pendekezo "limesitishwa kwa sasa ili kuruhusu ushirikishwaji zaidi", kwahiyo tumepata muda, ushindi bado. Nafasi mpya hawaingizi, msaidizi mmoja aliyeondoka hawajamrudishia, na mimi nikihesabu vizuri naona wanangoja waliopo wamalize darasa la sita kitengo kijifie chenyewe bila mtu wa kulaumiwa. Wale wazazi wanaendelea kukutana, zamani ilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa sasa hivi wanahamahama, mwezi uliopita ilikuwa msikitini na mapadri walikuja. Wana utaratibu mzuri, mmoja anasoma nyaraka za kaunsili zote zikitoka, mwingine anatafsiri kwa ufupi, mwingine ana kazi ya kumpigia diwani tu. Ndiyo maana nilisema nyota haziwatoshi.

Sasa hivi kaunsili wamegeukia usafiri. Aliye chini ya miaka 16 ambaye hawezi kwenda shule kwa miguu kwa sababu ya ulemavu wake, sheria inamlinda, wampeleke bure. Akishafika 16 inakuwa hiari yao, na ndipo kisu kinapoingia, wanataka kuondoa mabasi wawape wazazi hela ya mafuta. Asiye na gari je? Anayeingia shifti saa kumi na mbili asubuhi je? Fomu ya maoni iko wazi mpaka mwisho wa mwezi kwenye tovuti ya kaunsili, unaijaza hata kwa simu, na unaruhusiwa kuomba ya Kiswahili, mimi nimeomba wakashangaa lakini wamesema wataleta. Kama huwezi kusubiri jaza ya Kiingereza, maswali ya mwanzo yote ni ya kuchagua na yamepangwa ujibu wanavyotaka, wewe nenda mpaka ukurasa wa mwisho, baada ya yale ya umri na dini na kabila kuna kisanduku cha kuandika kwa maneno yako. Hicho ndicho cha kujaza, na taja mtoto anaondoka saa ngapi nyumbani na nani atampeleka.